Isale kwa Kocha wa Mabeki

Tangazo lilimkuta Eliezeri zizini, Jumatatu saa moja asubuhi, ndoo ya maziwa ikiwa katikati ya magoti. Simu ikalia mfukoni. Akajifuta mkono kwenye suruali, akaitoa, akasoma. Lilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la michezo la Chuo cha Ualimu Kisaro, na aliyeliandika alikuwa Mkuu wa Chuo mwenyewe, Mwalimu Filemon. "Uongozi wa chuo unayo furaha kumtangaza Ndugu Davis kuwa Kocha Mkuu mpya wa timu yetu ya mpira wa miguu. Kocha Eliezeri ataendelea kuwa nguzo yetu upande wa mabeki." Chini yake kulikuwa na kikatuni cha kombe na viganja vinavyopiga makofi.

Nguzo! Hebu fikiria. Mtu ana miaka hamsini na minne, ana wajukuu wawili, unamwita nguzo. Nguzo ni kipande cha mti kilichochimbiwa ardhini, mvua inakinyeshea, mbuzi anafungwa hapo, na hakuna siku mtu amekiuliza kama kimechoka. Eliezeri alisoma mara ya pili, akidhani labda macho yamemdanganya. Ng'ombe akageuza shingo kumtazama, maana mikono ilikuwa imeacha kukamua.

"Na wewe unaniangalia nini?" akamfokea. Halafu akaona haya, kwa sababu ng'ombe hakuwa na kosa lolote.

Kocha wa mabeki ni mtu gani? Ni yule ambaye timu ikishinda tatu bila, watu wanawabeba washambuliaji mabegani. Ikifungwa bao moja tu, uwanja mzima unauliza mabeki walikuwa wapi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Eliezeri kwa miaka ishirini na miwili. Aliianza akiwa na miaka thelathini na mbili, beki wa kati aliyeharibika goti, akaambiwa awasaidie vijana wa nyuma kwa muda tu, mpaka nafasi kubwa ipatikane. Kwa muda tu! Neno hilo ndilo lililomlia ujana wake, akawa anajiona anazeeka kwenye kioo cha bafu la chuo.

Makocha wakuu wanne wamepita mbele ya macho yake. Wa kwanza alitoka Tanga, akaondoka na kombe la vyuo limelala mapajani ndani ya basi. Wa pili alikuwa hodari wa kuongea na waandishi wa habari, mpira wenyewe aliusikia redioni. Wa tatu alikaa misimu miwili akachukuliwa na timu ya ligi, kwa sifa ya kujenga ukuta usiopitika. Ukuta! Bwana yule hakujua hata majina ya mabeki wake, aliwaita kwa namba za jezi. Wa nne alistaafu mwezi uliopita. Na kwa hao watatu wa mwisho, kila mmoja alipoaga, Mwalimu Filemon alimwita Eliezeri ofisini, akafunga mlango, akamshika bega na kumwambia, "Zamu yako inakuja, kocha. Vumilia kidogo." Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mara tatu, na Eliezeri, mtu mzima na akili zake, mara tatu akatoka pale anang'aa.

Uwanja wa Kisaro umekatwa kwenye mteremko juu ya Kiboriloni, una goli la juu na goli la chini, na timu ngeni hucheka zikiuona. Eliezeri hakuucheka. Alichukua kamba ya ng'ombe, akawafunga mabeki wanne viunoni, kila mmoja hatua nne kutoka kwa mwenzake, akawaamuru wapande na kushuka uwanja mzima kamba isilegee wala isivute. Mmoja akiukimbilia mpira kwa tamaa, wenzake watatu wanalambishwa nyasi. Wiki ya kwanza wanaanguka na kutukanana matusi ya nguoni. Wiki ya sita unawafungua kamba, na bado wanatembea kana kwamba wamefungwa. Hapo ndipo mshambuliaji wa kwenu anapopata nafasi ya kuringa mbele, kwa sababu nyuma kuna watu wamefungamana.

Na huyo Davis je? Hapo ndipo kichekesho chenyewe kilipo. Davis alikuja chuoni miaka tisa iliyopita akijiita beki wa kulia. Akafungwa kamba. Siku ya kwanza akawaangusha wenzake mara kumi na moja, siku ya pili vivyo hivyo, siku ya tatu Eliezeri akamfungua mwenyewe na kumwambia kocha mkuu wa wakati ule, "Huyu mpeleke mbele. Hawezi kumsubiri mtu." Akapelekwa mbele, akafunga mabao, akapata jina, akaenda kozi akapata cheti cha ukocha. Sasa aliyeshindwa kamba ndiye atakayemwamuru mwenye kamba. Asante ya punda ni mateke, waliosema hivyo walimwona Eliezeri akija.

Aliingia jikoni na ndoo ya maziwa, akaibwaga chini mpaka yakamwagika. Mke wake, Elinipendo, alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akamwonyesha simu. Mama huyo akaisoma polepole, akairudisha bila kumtazama usoni.

"Vumilia, Baba Gladness," akasema.

"Nivumilie? Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umeota mvi! Leo naenda kumtolea uvivu yule mzee."

"Usiseme neno utakalolijutia."

"Nimejuta yale niliyoyanyamazia," akajibu, akachukua kamba ukutani, akashuka barabarani bila kunywa chai.

Mwalimu Filemon alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Ni mtu wa hukohuko mlimani, mnene, mwenye sauti ya kanisani, anayesalimia kila mtu kwa jina na kusahau kila alichomwahidi. Alipomwona Eliezeri mlangoni alinyanyuka na kunyoosha mkono. Eliezeri hakuupokea. Akaitupa ile kamba juu ya meza, ikaangusha kikombe cha kalamu, na filimbi ikafuata.

"Kocha, kaa kwanza tuongee."

"Sikai! Nimekaa miaka ishirini na miwili! Ulidhani sitajua? Nimeshajua yote uliyonifanyia, Filemon. Yote! Ulidhani nitakufa na ujinga wangu?"

Alichomaanisha ni zile ahadi tatu. Ameshajua kwamba zilikuwa kilemba cha ukoka, basi, hakuna zaidi. Lakini Mwalimu Filemon aliposikia neno "yote" alikauka pale pale. Uso ukapauka, midomo ikacheza, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Eliezeri akaona ameshinda. Akafurahi. Hakujiuliza kwa nini mtu aangushwe hivyo na maneno ambayo kila mfanyakazi wa chuo angeweza kumwambia.

"Jumamosi ni fainali ya vyuo," Filemon akasema kwa sauti ndogo. "Wale wa Arusha wana washambuliaji wabaya. Wale vijana wako wanne..."

"Wa Davis hao. Mimi mguu wangu haukanyagi tena uwanja huu. Haki ya Mungu, haukanyagi." Akatoka na kuufunga mlango kwa nguvu mpaka kalenda ikadondoka.

Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Jumanne Davis akapiga simu mara sita, ya saba Eliezeri akapokea ili ampe za uso. Kijana akamwamkia shikamoo kwa heshima, akasema hakuiomba hiyo nafasi, alipigiwa simu tu, na angependa wafanye kazi pamoja kama baba na mwana. "Baba yako yuko Himo anauza mahindi," Eliezeri akamjibu, "muulize yeye namna ya kupanga mabeki." Akakata. Baadaye alikaa kibarazani akijua kuwa amemwonea yule kijana, na kujua huko kukamwongezea hasira.

Jumatano akapiga Wilbert, nahodha, beki wa kati, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliotoka Kigoma. Akasema wamecheza mechi ya mazoezi na vijana wa Kwa Sadala, wamefungwa tano. Kocha Davis hataki kamba, anasema ni mambo ya kizamani, kila beki ajisomee mchezo mwenyewe. "Kocha, tunagongana wenyewe kwa wenyewe. Rudi, tafadhali. Hata Jumamosi peke yake."

Tano! Eliezeri alicheka kicheko kibaya, halafu kicheko kikamkwama. Waliofungwa tano ni watoto wake. Aliwafunga kiunoni kwa mikono yake. Usiku ule alijigeuza kitandani kama mkate kwenye kikaango, na mara mbili akamwambia Elinipendo, "Wangeniomba radhi tu. Wangekuja hapa, mbele ya watu, waseme tumekukosea. Ningerudi hata kesho." Elinipendo hakujibu. Alikuwa macho, mumewe alimsikia anavyopumua, lakini hakujibu.

Basi Alhamisi, saa tisa alasiri, wakaja.

Eliezeri alikuwa anapogoa migomba upande wa chini. Akaona watu wawili wanapanda kwa kijia cha katikati ya kahawa. Wa mbele alikuwa Mzee Daniel, mkubwa wa ukoo, miaka themanini na sita, masikio mazito, anayejulikana kijiji kizima kwa kufika kwenye kila jambo kabla pombe ya mbege haijaisha. Wa nyuma alikuwa Mwalimu Filemon, amevaa suti ya kahawia, jasho linamtoka, na mkononi ameshika jani la isale.

Eliezeri alisimama na panga lake. Kila mtu wa mlimani anaijua isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la urithi wa ukoo, na juu ya makaburi ya wazee. Aliyekukosea akija na jani lake nyumbani kwako pamoja na shahidi, amejishusha mpaka mwisho, na wewe huna ruhusa ya kumrudisha. Wapo watu waliouana kwa mpaka wa shamba, na wajukuu wao leo wanaoana, kwa sababu siku moja jani hilo lilipokelewa. Isale halikataliwi. Anayelikataa anakiita kifo kwake mwenyewe, ndivyo walivyolelewa wote, Walutheri kwa Wakatoliki, na hakuna mchungaji aliyefanikiwa kuwaondolea hilo.

Akawakaribisha kibarazani. "Shikamoo, Meku," akamwamkia Mzee Daniel, kama wanavyoitwa wazee wa mlimani, kwa sauti ya juu.

"Marahaba. Mama yupo? Koo limekauka."

Elinipendo akaja na mtungi wa mbege na kata. Alipoliona lile jani alisimama ghafla mlangoni, halafu akauweka mtungi chini, lakini hakuondoka. Alibaki amesimama pale ameegemea fremu.

Mwalimu Filemon alipiga goti moja. Suti na kila kitu, akapiga goti kwenye sakafu ya kibaraza, akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Eliezeri, ndugu yangu. Nimekuja mbele ya mkubwa wa ukoo. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Ooh! Laiti ungemwona Eliezeri pale. Miaka ishirini na miwili ya kusimama nyuma ya picha za timu ikamwisha mwilini kwa mara moja. Mtu aliyemwita nguzo yuko chini, na yeye yuko juu. Hakusubiri mzee aseme neno lake la kuanzia. Alilinyakua lile jani kwa pupa, kwa namna ileile aliyowakataza vijana wake miaka yote kuukimbilia mpira.

"Nimepokea!" akasema. "Meku, umeona? Nimepokea. Sasa taja kosa. Taja hapa, wasikie wote, mke wangu asikie. Isale bila kosa kutajwa ni nyasi."

"Ni kweli," Mzee Daniel akasema akijifuta povu la mbege mdomoni. "Na litajwe lote. Isale likibeba nusu, nusu nyingine inamrudia aliyelileta."

Filemon akamgeukia Eliezeri. "Si umesema unajua yote?"

"Najua. Nataka kukusikia wewe."

Filemon akainamisha kichwa, na maneno yakaanza kutoka kama mtu anayetapika. "Ile barua. Miaka kumi na moja iliyopita. Ile timu ya mashamba ya miwa ilipopanda daraja. Meneja wao aliandika barua rasmi kwa chuo, wanakuomba ukawe kocha mkuu. Kocha mkuu, mkataba wa miaka mitatu, na nyumba. Niliificha. Nikawajibu kwa barua kwamba nimezungumza nawe na umesema hutaki kuondoka Kisaro. Wakaja tena mwaka uliofuata, nikajibu vilevile. Nilijua ukiondoka ule ukuta wetu umekwisha, na mimi ndiye ninayeulizwa na bodi. Hilo ndilo kosa langu. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

Kuku waliendelea kukwaruza majani makavu. Eliezeri alikuwa na jani mkononi na mdomo wazi. Barua? Barua gani? Alikuwa amejitayarisha kusikia juu ya zamu yake na mkono begani, ajibu kwa maneno aliyoyapanga tangu Jumatatu, na maneno yale yote yakapotea. Timu ile ya miwa ilicheza ligi misimu minne. Alikuwa anawaangalia kwenye televisheni ya baa ya Kiboriloni, akisema mbele za watu kwamba mabeki wao hawajui kutembea pamoja, akiambiwa na walevi, "Si uende ukawafundishe wewe!" Na wao walikuwa wanamtaka. Mara mbili!

"Sikujua," akasema taratibu.

Filemon akainua uso. "Hukujua?"

"Sikujua! Nilikuwa nasema habari ya zamu! Zamu yangu, mara tatu uliyoniahidi! Barua sikujua!" Sasa alikuwa anapiga kelele mpaka majirani walisikia. "Kocha mkuu! Ligi! Ningekuwa mtu! Wewe mwizi, wewe, umeniibia maisha ukaniachia filimbi!" Panga lilikuwa bado kwenye mkono wa kulia. Alilitazama, akalirusha mbali kwenye migomba, kwa sababu alijiogopa. Lile jani la isale lilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Hilo hakuwa na uwezo wa kulirusha.

"Limeshapokelewa," Mzee Daniel akasema kwa upole. Safari hii alikuwa amesikia vizuri.

"Najua limepokelewa!"

Mwalimu Filemon, naye, hofu ilikuwa imemvuruga akili. Alipoona ametubu jambo ambalo hakuna aliyelijua, akatafuta mtu wa kuubeba mzigo naye. "Na sikuamua peke yangu," akasema haraka. "Wewe ulikuwa Same na timu. Nilikuja hapa hapa na barua mkononi. Nikamwuliza Mama Gladness nikupe au nisikupe."

Eliezeri aligeuka. Elinipendo hakukana. Alikuwa amesimama wima mlangoni, mikono imeshika khanga kifuani, anamtazama.

"Anasema kweli?"

"Anasema kweli. Nilimwambia asikupe."

Eliezeri akakaa. Alipumua kama ng'ombe mwenye homa. Filemon akanyanyuka, akajikung'uta goti, akaona bora amalize alichojia. "Basi, ndugu yangu, kwa kuwa tumesameheana... Jumamosi tutakuona?"

Ebo! Kuna watu Mungu aliwanyima hata aibu ya mbuzi. Eliezeri akamtazama mpaka yule mtu akarudi hatua moja nyuma.

"Msamaha umepata," akasema. "Siwezi kukunyima na sikunyimi. Lakini isale ni la msamaha, halikuandikwa ratiba ya mechi. Mwambie Davis amwachie Wilbert kazi ya kuwaongoza wale wanne, asiseme neno, awaache watembee. Wanajua. Kamba iko mezani kwako, kesho asubuhi awafunge kwa saa moja tu, miili itakumbuka. Mimi kule sirudi, si Jumamosi, si baadaye. Sasa shuka kwa njia uliyokuja nayo kabla sijasahau nimeshika nini."

Filemon akashuka. Hakuaga vizuri, suti ikanasa kwenye tawi la kahawa, akaivuta, akaenda. Mzee Daniel hakuinuka. Alijichotea mbege nyingine na kujiweka sawa kwenye kiti, maana alijua shauri halijaisha.

Elinipendo naye akatoka. Alipita mbele ya mumewe, akashuka mpaka kwenye mpaka wa kihamba, wakamwona anainama. Aliporudi alikuwa na jani la isale. Akalinyoosha kwa mikono miwili, lakini hakupiga goti.

"Miaka kumi na moja," Eliezeri akasema. "Umelala na mimi kitanda kimoja. Kila waliponiruka, wewe ndiye uliyenipikia mtori ukaniambia vumilia. Wewe!"

"Mimi. Na nataja kosa. Filemon alinionyesha barua, nikamwambia awajibu kwamba hutaki. Mama yako alikuwa kitandani mwaka wa pili, mwili umekufa upande mmoja. Nani alikuwa anamgeuza asioze mgongo? Mimi, kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Gladness yuko darasa la saba, mdogo wake Stella ana pumu, ng'ombe wawili, kahawa inaanguka chini kwa kukosa mchumaji. Na wewe uko uwanjani unawafundisha watoto wa watu wasimwache mwenzao peke yake. Nikaona ukienda kule kwenye miwa nitakuwa nakuona Krismasi, na mimi nitaanguka. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua ungekwenda."

"Ningekwenda, ndiyo! Ilikuwa haki yangu!"

"Ndivyo ninavyosema. Ungekwenda. Nilikunyima haki yako, nikakudanganya miaka kumi na moja, hakuna siku chakula kilinishuka vizuri. Nimekukosea. Pokea."

Eliezeri hakunyoosha mkono. Alitaka kuliacha lile jani linyauke pale pale kwenye vidole vya mkewe. Alitaka akasirike kwa raha, kama mtu yeyote aliyedhulumiwa, bila kuwekewa majani mbele.

"Pokea au usipokee," Mzee Daniel akasema, "lakini usimsimamishe mtu na isale. Mkono unachoka."

Akalipokea. Alilivuta kwa nguvu mpaka likachanika ncha. "Nimepokea. Nimekusamehe. Na nina hasira, Elinipendo, nina hasira nawe mpaka mifupa inauma!"

"Kaa nayo, ni haki yako, sikunyang'anyi." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu, na Eliezeri akatambua, kwa mshangao mkubwa, kwamba mke wake ana hasira kuliko yeye. "Umemaliza kupokea?"

"Nimemaliza."

"Haya. Sasa nenda kachume la kwako."

"La kwangu? La kosa gani?"

"Nenda kachume kwanza. Kosa utalitaja mwenyewe mbele ya Meku. Ukishindwa, nitakusaidia."

Alimgeukia Mzee Daniel, akitegemea mwanaume mwenzake atamtetea. Mzee alikuwa anaangalia ndani ya kata yake. Basi Eliezeri akaweka yale majani mawili kitini, akashuka kijiani kati ya migomba, anasonya, anawalaani Filemon na Davis na miwa yote iliyowahi kupandwa tambarare. Akafika mpakani, kwenye mstari wa isale uliopandwa na babu yake. Akanyoosha mkono, na hasira ikiwa bado haijashuka, akajaribu kukumbuka siku moja, moja tu, aliyomgeuza mama yake kitandani.

Hakuipata.